Aliyebisha Hodi

"Haya, nisomee," mumewe alisema, akamwekea Thuwaiba gazeti la katuni mapajani. Hajui a wala be, na tangu ndoa yao mkewe ndiye macho yake.

Yule mwanamke wa kwenye katuni ya mfululizo alianza kubisha hodi enzi za foleni ya sukari. Leo maduka ya Tanga yamefurika, naye bado yuko mlangoni na buibui lake, na mchoraji hasemi ni nani. "Huyu mchoraji ana roho mbaya!" Thuwaiba akang'aka, akafunua ukurasa.

Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu ya hina. Akatazama vidole vyake. Tangu Idi havijaonja hina. Basi kuna mwanamke mwingine aliyelishika gazeti hili kabla yake.

Kwenye picha, mlango hatimaye ulikuwa wazi. Mgeni alikuwa akimwambia mama mwenye nyumba: Mimi ni mdogo wako.

Thuwaiba akasoma kwa sauti, polepole: "Mimi ni mke mwenzio."

Mumewe akacheka. "Aa, wacha mzaha, bibiye! Si kasema ni mdogo wa—"

Kicheko kikamkaukia mdomoni.