Homa ya Jumatano

Siku hizi zahanati haisikilizi maelezo ya mama. Hupokea mchoro wa homa pekee. Kwa mwanangu Tunu niliandika orodha mbili, kama tulivyofundishwa kisomoni: siku saba, kisha vipimo sita, kwa kuwa Jumatano kipimajoto kiliishiwa betri. Mara nne mashine ya michoro ilikataa kuchora, ikitoa neno lile lile:

"Orodha hazilingani urefu."

"Nami nakwambia mtoto anaungua," niliijibu.

"Shoga, hiyo haina masikio," alisema jirani yangu Mwajabu. "Tia sifuri hapo Jumatano, tumalize karaha."

Nilitia. Mstari ulishuka hadi chini kabisa, ukapanda tena. Punde jibu la zahanati likaja: "Poleni kwa msiba wa Jumatano. Faili la Tunu limefungwa."

Tunu, mgongoni mwangu, aliomba maji.