Minyororo ya Lango

Basi kuukuu ndilo lililokuwa nyumba ya Mashavu na mumewe Kombo, na asubuhi hiyo walihama nalo, wakivuta kigari chao kibovu.

“Kamba yatosha,” Kombo alisema. “Nitakaa mle kigarini nishike usukani.”

“Tunapita korongoni. Na mume ninaye mmoja.”

Mashavu alifunga chuma kirefu cha mkokoteni kati ya basi na kigari, akakikaza kwa pini, akapitisha chini yake minyororo miwili ya lango, akiipishanisha. Akakitoa kigari kwenye gia, magurudumu yazunguke huru.

“Umekivalisha hadi shanga!” Kombo alicheka.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Nimelala, nasafiri.”

“Si kigari chako hicho!”

Mashavu akaendesha basi, Kombo kando yake, wakaanza kuteremka taratibu. Kwenye kona pini ya chuma ikachomoka, kwa! Kigari kikayumba kuelekea korongoni, minyororo ikakidaka, kikagonga mgongo wa basi. Mashavu akasimamisha polepole.

Kombo alishuka mbio, akapiga magoti, akaishika minyororo iliyokuwa bado ikitetema. Hakucheka. Mteremko uliobaki ulikuwa mrefu.

“Mke wangu,” alisema, akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, “nipe pini nyingine. Na nyundo.”

Nyundo ilikuwa tayari mkononi mwa Mashavu.