Maranda Mabichi

Asubuhi Zamda alipomkamua ng'ombe wake, yalitoka maji ya rangi ya kutu yenye madonge, na kiwele kilikuwa cha moto. Daktari wa mifugo aliyemwita alichota maranda mabichi ya mbao yaliyotandikwa zizini, akayanusa.

“Vijidudu vimetoka humu, dada. Dawa zangu haziviui tena. Maziwa ya jana umempa nani?”

“Majirani. Wote huchemsha.”

“Wote?”

Zamda akamkumbuka jirani mmoja. Bi Raya, aliyetoka hospitali juzi, aliyapenda mabichi.

Aliacha ndoo pale pale, akakimbia kwake. Alikuta mlango uko wazi na kikombe kitupu dirishani. Nje jua lilikuwa linachoma; ndani, Bi Raya alijikunyata chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana.

“Karibu, mwanangu,” alisema. “Mbona leo baridi hivi?”