Nyasi Tatu za Baba Wanza

Duncan alitia unyasi mdomoni, akatafuna polepole, akafumba macho kama mtu anayeonja supu ya harusi.

"Hii ni ndata kivumbu, mzee. Ona hiki kimkia chake cha manyoya."

Baba Wanza alimgeukia mkewe tu, na Mama Wanza, binti wa mjini tangu chekechea, akaandika kitu kwenye daftari.

Duncan alikuwa ametoka Lindi, kule Kibera, asubuhi hiyo kwa koti la kuazima, kuja hapa Kawangware kuomba apangiwe siku ya kuleta mbuzi watatu wa ntheo ili amwoe binti yao Wanza. Bila mbuzi hao, Mkamba hata azae watoto kumi hajaoa. Lakini mzee alikuwa amemwonya kwa simu: kwanza azitambue nyasi tatu za malishoni, zilizotumwa juzi kutoka Kitui zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Asiyejua mbuzi anakula nini, mbuzi wake hawapokelewi.

Maskini Duncan! Mzaliwa wa Kibera, nyasi pekee alizozifahamu ni za uwanja wa mpira, tena kwenye televisheni. Shangazi yake Nduku alimfundisha kwa simu akiwa Mwingi, na kabla hajaeleza mbeetua inafananaje, salio likaisha.

"Haya, ya pili," mzee akasema. "Na usiharakishe, tusikie vizuri."

Duncan akapapasa shina. Lilikuwa bapa pale chini.

"Kilili."

"Uko sure?"

"Kabisa, mzee."

"Hiyo ikikauka imeisha, ama inarudi?"

"Inarudi. Kiangazi inajifanya imekufa, mvua ikinyesha inafufuka."

"Wacha! Mama Wanza, hiyo ya kufufuka pia andika."

Ya tatu hakuwahi kuiona wala kuisikia ikielezwa. Alimtazama Wanza mlangoni. Wanza akatazama dari. Duncan akaunusa unyasi, akaugeuza juu chini, akauhesabu mbegu. Alimpenda yule msichana mpaka usingizi ulikuwa umemkimbia, na sasa angemkosa kwa sababu ya majani. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Mbeetua," akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyezaliwa zizini.

Kalamu ya Mama Wanza ikasimama. Mzee akainuka kwenye kochi, akamkumbatia Duncan kwa nguvu hata kifungo cha koti la watu kikang'oka.

"Kijana, umeniokoa! Mama Wanza, nisomee zote tatu tena nizikariri. Kesho kaka zako waliozituma wakikuja kunitahini, hawana njia: baada ya miaka ishirini na sita watapokea mbuzi wangu, na mimi pia nitakuwa nimekuoa."