Niambie, Mama Sista

Sindano ya cherehani ilipenya kidole, na Emerensiana akamlilia mama yake kwa Kingoni. Kisha akakifunga kwa kipande cha kitenge na kusema kwa Kihispania, "Dígamelo."

"Afadhali," alisema Makarius, daktari kijana wa Matogoro aliyesomea Kuba. "Diga, sema. Me, mimi. Lo, hilo jambo. Sisi tunasema niambie, mimi anatangulia. Wao wanamfunga mkiani."

"Na mtoto wa kike?"

"Lo inageuka la."

"Démela." Nipe huyo.

Makarius aliinamisha kichwa. "Dada, Sista hanaye. Mwombe akuambie tu."

"Najua, daktari. Nilitaka kusikia linavyosikika."

Sista Begonya, wa mwisho kati ya masista waliotoka Hispania, alikuwa kitandani pale misheni tangu apate kiharusi. Kiswahili chake cha miaka hamsini kilikuwa kimefutika. Alibaki na maneno ya kwao tu, na masista wenzake, wote Watanzania, hawakuyaelewa. Naye peke yake ndiye aliyejua binti wa Emerensiana, aliyezaliwa bwenini miaka ishirini na sita iliyopita, alipelekwa kwa nani.

"Ukiwa mtu mzima nitakuambia," alimwahidi mama huyo wa miaka kumi na tano, kisha akamfundisha kushona. Emerensiana akawa mtu mzima. Aliona haya kuuliza, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka kiharusi kikawahi.

Sasa alienda kila asubuhi kumlisha uji. Wageni wakiingia, mgonjwa aligeukia ukutani. Kwa hiyo swali lingetoka kinywani mwa Emerensiana, na Makarius angesikiliza jibu.

"Jana aliomba maji," alisema Emerensiana, akizungusha gurudumu la cherehani bila kushona kitu. "Anasema ura. Nikimpa kikombe, anatulia."

"Maji ni agua."

"Yeye anasema ura."

"Mimi nina Kihispania cha Kuba, dada. Hispania wana chao. Na uzee nao."

"Sawa. Tuendelee, nitasahau."

Siku ya kumi ya masomo, Sista Walburga, muuguzi, alipiga simu asubuhi. Padre alikuwa ameshampaka mgonjwa mafuta ya mwisho. Emerensiana aliacha gauni la mteja sakafuni, akampitia Makarius.

Simu zao ziliachwa mlangoni, kama ilivyo amri ya nyumba ya wagonjwa. Makarius alijibanza nyuma ya pazia na daftari lake.

Emerensiana alipiga magoti. "Madre," alisema. "Mi hija. Dígamelo." Mama, binti yangu, niambie.

Macho yalifunguka. Mkono wa mgonjwa ulipapasa blanketi, ukakikuta kidole kilichofungwa kitenge, ukakishika. Kisha Sista Begonya akazungumza.

Alizungumza polepole, kwa mpangilio, kidole kimoja juu, kama zamani akiwaonyesha wasichana namna ya kukata kola. Mara mbili alitaja jina la Emerensiana. Mahali fulani alicheka. Mahali pengine machozi yalimtoka, akayaacha yateremke, akaendelea. Emerensiana alitikisa kichwa kuitikia kila sentensi, asije akamkatisha.

Mgonjwa alipomaliza, alimgusa Emerensiana shavu kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani, akafumba macho. Sista Walburga alimshika kifundo cha mkono, akasubiri, akasubiri tena. Kisha akaanzisha Salamu Maria.

Emerensiana hakuitikia sala. Alikuwa amegeukia pazia.

"Amesema yote," alinong'ona. "Umeona, daktari? Amesema yote. Yuko wapi?"

Makarius alitoka. Ukurasa wake ulikuwa mweupe, isipokuwa jina Emerensiana, limeandikwa mara mbili.

"Dada," alisema, "hicho si Kihispania. Ni kilugha cha mama yake. Hicho ni Kingoni chake."