Msumari wa Kumi na Mmoja

Msumari wa kumi na mmoja uligoma kutoka kwenye dirisha la darasa. Fundi aliubana kwa koleo, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hii niliipigilia mimi mwenyewe," alisema huku akihema ndani ya barakoa. "Miaka thelathini sasa. Kulikuwa na msichana mmoja mtoro, kila kipindi cha hesabu anapitia hapa. Nikaambiwa nifunge kabisa."

Mwalimu mkuu alikuwa amemshikia kopo la misumari. Kesho watoto wangerudi baada ya miezi saba ya ugonjwa, na waraka ulisema wazi: darasa lisilopitisha hewa halifunguliwi.

"Alikuwa mtundu hivyo?"

"Sikio la kufa, mwalimu! Sijui hata aliishia wapi."

Msumari ukachomoka. Dirisha likafunguka kwa kelele, upepo ukaingia bila hodi, vumbi la chaki likatimka hadi darini.

Mwalimu mkuu alipapasa kovu la zamani gotini. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akavua viatu.

"Hebu nishikie kopo, fundi," alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje.