Mafunzo ya Kulia

Bi Mwanabaraka alimfunga mwanawe macho kwa kitambaa, akatwaa sindano ya kushonea kofia, akamchoma begani.

"Uwii! Mama!"

"Vyema, ila umechelewa kidogo. Tena."

"Mama, mie naumia kweli!"

"Ehee, sema vivyo hivyo. Na chozi likikutoka ndiyo bora zaidi."

Mara ya tatu aliinua sindano, asimchome. Mwatum akakaa kimya.

"Hapo sawa. Wasipokugusa, nyamaza. Mke wa Safari hilo ndilo lililomponza, maskini. Kapiga ukelele wala hajaguswa."

Hila hiyo ya masista wa misheni, kijiji kizima cha Ole kilikuwa kikiijua. Wanakufunga macho, wanakugusa kwa sindano hapa na pale, na pengine hawakugusi kabisa, wakusikilize tu. Asiyesikia sindano ana ukoma, na mwenye ukoma alipelekwa kambini, ng'ambo ya maji, asirudi. Za mke wa Safari zilirudi kanga tu, na mumewe akazitia moto.

Na bado huwezi kuwachukia masista, ndiyo balaa yenyewe. Sista Klementina alikuja kwa miguu kutoka misheni, jua la utosi, na mkoba wa dawa na sabuni, akawaosha vidonda watu ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wakiwarushia chakula kama kuku. Siku moja alisimama kisimani akawagombeza wanaume wazima, kisa wamemfukuza mgonjwa mkongwe asiteke maji. Waliona haya, wakampisha. Lakini amri ya kambi ilikuwa ya serikali, na kazi ya kupima watu alipewa yeye.

Baka jeupe lilimtoka Mwatum begani mwaka juzi, arusi iko mlangoni. Akina Nyange, watu wa bwana arusi, wakavunja posa, hata kukaa kitako hawakukaa. Tangu hapo Bi Mwanabaraka alimfungia mwanawe chumba cha uani. Sahani yake mbali, kata yake mbali, mkeka wake mbali. Aliiweka sahani kizingitini, akarudi nyuma, ndipo mtoto akaja kuitwaa. Kisha alikwenda jikoni akalia. Mama gani huyu, alijiuliza, amwogopaye aliyemzaa? Leo tu, aliposikia masista wamefika mtaa wa pili, ndipo alipokivuka kizingiti hicho, kwa ajili ya mafunzo.

Zamani alikuwa mpishi wa maarusi, na kwa pilau hakuwa na mpinzani. Alikuwa akiepua masufuria kwa mikono mitupu na kupanga makaa juu ya vifuniko kwa vidole, wanawake wakipiga vigelegele: "Mkono wa Bi Mwanabaraka, moto unauamkia!" Sasa haitwi na mtu. Nani atakula wali wa nyumba yenye ukoma? Alichemsha mihogo ya watu wawili, siku zikenda.

Alasiri hodi ilipigwa. Akafungua. Angefanyaje?

"Mwanangu mzima, Sista," alisema hata kabla ya salamu.

"Basi tumwone, mama," alijibu Sista Klementina, kwa Kiswahili chake cha polepole alichojifunzia bara.

Mwatum akakalishwa mkekani, akafungwa macho. Mama yake alisimama ukutani akijiuma midomo. Mtoto akilia asipoguswa, amekwisha. Akinyamaza akiguswa, amekwisha vilevile.

"Uwii!"

Kimya.

"Uwii! Uwii, mama!"

Kimya.

Sindano ilizunguka bega zima, ikaingia katikati ya baka lenyewe, na kila ilipogusa Mwatum aliruka. Sista alimfungua kitambaa, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Mama, huyu hana ukoma. Hii ni mbalanga tu, ngozi imepoteza rangi. Haimwambukizi mtu. Ngozi yake inasikia kila kitu."

Bi Mwanabaraka aliingoja furaha, haikuja. Itakujaje, naye anajua alichomfunza?

"Sista, Mungu ananiona, siwezi kukudanganya," alisema. "Mie nimemfunza kulia. Tangu asubuhi namfunza."

"Mama! Nilikwambia naumia!"

"Nyamaza wee! Ndivyo nilivyokwambia useme." Akamgeukia Sista. "Labda sindano yenyewe butu, naye anajiliza tu aniridhishe. Mie mwenyewe sitakuwa na amani. Nichome mie. Mie sitalia ila pakiuma. Nikiumia nitajua na yeye kaumia, na leo nitakula naye sahani moja."

"Si lazima, mama."

"Kwangu lazima. Miaka miwili, Sista! Miaka miwili sijamshika mwanangu, ila leo kwa sindano."

Alikaa mkekani, akajifunga kitambaa mwenyewe, akakaza fundo, akanyoosha mkono wa kulia akauweka juu ya goti la Sista.

Akangoja. Uani kuku walikuwa wakiparuana. Akamsikia Mwatum akivuta pumzi kwa nguvu, kisha akianza kulia, taratibu, kilio ambacho hakumfunza.

"Walia nini tena, nawe? Si umepona!"

Akangoja tena, kisha akacheka. Alikuwa hajacheka tangu posa ivunjwe.

"Ah, Sista! Hila hiyo naijua, mie hunipati. Haya, nichome basi, tumalize."

Sindano ilikuwa imesimama kidoleni mwake, imezama nusu, na damu ilikuwa ikidondoka mkekani.